Kitunga cha Nyaya za Baruti

Anayekusanya dhahabu huibiwa na wezi. Mama Émerance wa mtaa wa Katuba alikusanya plastiki, na yeye aliibiwa na watu wema, na hilo ndilo lililomchosha roho. Mwizi unaweza kumpigia kelele. Lakini utamwambia nini jirani aliyebeba kiti chako cha nyuzi za plastiki ili mgonjwa wake apate pa kuotea jua? Utamgombeza vipi mkaza mwana aliyepanga vitunguu ndani ya lori lako la kuchezea la bidoni, eti visioze?

Sebule yake ilikuwa imejaa. Kulikuwa na malori yaliyokatwa kwa bidoni, madumu ya mafuta ya kula, magurudumu yake ndara kuukuu. Kulikuwa na wanasesere waliofumwa kwa mifuko ya sokoni iliyochanwa nyuzi nyuzi, taji la bibi harusi la mirija ya soda, na maua ya chupa za maji, kazi ya wasichana wa siku hizi, mazuri hata nyuki aliwahi kuyazungukazunguka akaenda zake amekasirika. Vyote vilikuwa kazi ya mikono ya watu walioona takataka wakakataa kuiita takataka. Watoto wake waliviita "bucafu ya Mama". Hata hivyo mwanawe mkubwa, kabla ya kwenda kazini Kolwezi na kumwacha mkewe Glodie hapo nyumbani, alimpigilia rafu ukutani bila kuombwa. Émerance hakulisahau hilo.

Katika rafu ya juu kilikaa kitunga.

Zamani, huko Kambove, baruti zilipokwisha kulipuka mgodini, nyaya zake zilibaki zimetawanyika katika vumbi: nyekundu, njano, kijani. Mchimbaji mmoja jina lake Mulenga aliziokota, akavuta shaba ya ndani, akabaki na ngozi ya plastiki, akasuka vitunga. Wakati ule kila nyumba ya kambi ya wachimbaji ilikuwa nacho. Kisha yakaja mabeseni ya kiwandani, watu wakavitupa. Émerance alikikuta kimoja kwa muuza nyanya wa Kambove, kizima, rangi zikiwaka kama za jana. Akaulizia fundi wake, akaelekezwa nyumbani kwa mzee mwenye magoti mabovu, ambaye vidole vyake sasa havikunjiki. Mulenga mwenyewe hakuwa amebakiwa na hata kimoja.

Na wiki mbili zilizopita kijana Sylvain, wa ukumbi wa maonyesho kule mjini, alikuwa amekuja Katuba, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatazama kila kitu akiwa ameweka mikono nyuma. Alisema ataonyesha mkusanyo wote Jumamosi, kitunga kikiwa katikati, ndani ya kioo. Émerance akampigia Mulenga simu siku ileile. "Kuya, Tata. Utaona kazi yako ndani ya kioo." Mzee akasema, "Nitakuya."

Kwa hiyo asubuhi ile, siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, alipopandisha kitambaa kupanguza rafu ya juu na mkono wake ukapita patupu, Émerance alikaa chini kwanza. Kisha akaita.

"Glodie! Kitunga yangu iko wapi?"

Glodie alitoka uani, mikono ina povu. "Ile ya rangi? Si nilipana batumikishe ku kilio ya Mama Syntiche."

Mama Syntiche alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mkimya wa rika la Émerance, aliyezikwa wiki iliyopita. Siku zile za kilio, na mpaka jana, Émerance alikuwa amelala na homa, na Glodie ndiye aliyewakilisha nyumba: akapika, akabeba maji, akalala chini pamoja na wafiwa. Watu walimsifu. Émerance pia alimsifu, mpaka asubuhi hii.

"Ulipana kitunga ya maonyesho ku kilio?"

"Mama, banakuya kuomba bintu, mi niseme nini? Niseme hatuna?"

"Mabeseni ya mu jikoni hukuyaona?"

"Mabeseni njo yalibeba bukari na mboga. Kulibakia mukate. Mukate inaomba kintu safi, Mama. Na kintu safi sana mu nyumba hii njo ile unapanguza kila asubuhi."

Maneno yale yalikuwa kweli tupu.

Émerance alifunga kitenge, akaenda kwa wafiwa. Jeanne, binti wa marehemu, alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea chai kabla hajasema neno, akaongeza sukari kwa sababu alisikia kwamba aliugua. Émerance aliinywa. Huwezi kudai kitu kabla ya kunywa chai ya mfiwa. Alipotaja kitunga, Jeanne aliweka kikombe chini polepole.

"Ile ya nyekundu na njano? Mama Émerance… ile ilikuwa yako?"

Katuba nzima inajua namna ya kuazimana. Kabla beseni halijavuka mlango, mwenyewe hulipindua na kutia alama chini yake: tone la rangi ya kucha, herufi mbili, msalaba wa kisu. Matanga yakianuliwa, wanawake hukaa uani na kupindua kila kitu. Chenye alama hurudi kwa mwenyewe. Kisicho na alama ni cha nyumba ya marehemu. Sasa Émerance, peke yake katika mtaa mzima, hakutia alama chini ya vitu vyake. Angewezaje? Nani anapaka rangi ya kucha juu ya kazi ya mikono ya mtu?

"Tuliangalia chini, tukaangalia tena," Jeanne alisema. "Hakuna kintu. Yaya Adolphine, mukubwa wangu, akasema, Mama alikuwaka na kitunga kama hii tukiwa bado ku kambi. Tukasema basi njo ile, aliificha miaka yote. Tulilia, Mama Émerance. Tuliilia ile kitunga."

"Na iko wapi?"

Jeanne alitazama chai yake. "Ku kaburi."

Ndiyo desturi ya ukoo wao: sahani ya marehemu, kikombe chake, kitu alichokipenda, huwekwa juu ya udongo.

"Mulitoboa?" Émerance aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na musumari. Sababu ya bezi, Mama, banaiba. Kintu nzima haimalizi siku mbili kule."

Émerance aliona msumari ule ukipita katika mikono ya Mulenga. Alitaka kupiga kelele. Lakini Jeanne alikuwa ameanza kulia, akisema pole, pole sana Mama, na Émerance akajikuta anambembeleza mtu aliyemharibia. Ndivyo siku yake ilivyokwenda.

Ruhusa ya kukitoa kaburini ilikuwa kwa Tata Liévin, mjomba wa Jeanne, mdogo wa marehemu. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Mama, ningekuwa na bitunga kumi ningekupa yote. Lakini kintu imeisha kulala na maiti. Tukiitosha pale, tukiiondoa, ni nani atalala muzuri? Weye ao sisi?"

"Ilifika pale kwa makosa, Tata Liévin."

"Marehemu hajue makosa. Yeye anajua tu kama tulimupa, kisha tukamunyanganya."

Alimsindikiza mpaka kwake, akamshika mkono penye mtaro wa maji machafu. Hata kumchukia hakuruhusu.

Mchana Sylvain alipiga simu kuuliza kama vitu vimefungwa vizuri. Émerance alimweleza.

"Maman, on peut mettre une photo. Tunaweka picha ya kitunga mu kioo, chini tunaandika maelezo."

"Picha! Muntu atoke Kambove, na magoti yake ile, akuye kuona picha?"

"Ao basi… makaburi haina mbali. Tunaenda pole, tunakamata, tunarudi. Nani ataona?"

"Sylvain, mwanangu, mama yako angali hai?"

"Ndiyo, Maman."

"Usimwambie kama ulisema vile." Akakata simu.

Alikaa katikati ya plastiki zake, na kwa mara ya kwanza akaona kile walichoona watoto wake: bidoni, mirija, mifuko. Glodie alimletea ndizi mbivu iliyomenywa tayari, akaiweka karibu yake, akatoka. Émerance akaila kwa hasira.

Mulenga alifika kesho yake, siku moja kabla ya ahadi, kwa sababu wazee hawaamini mabasi. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mazishi na kofia ya majani, na mkononi ana mfuko wa karanga za kukaanga kutoka kwa mkewe. Alisalimia, akaulizia afya ya kila mtu, akakaa. Macho yake yalianza kupanda rafu kwa rafu, mpaka ya juu.

"Imeisha kwenda ku kioo?"

Émerance alikuwa amejitayarishia maneno usiku mzima. Yote yakamtoka kichwani. Akasema tu: "Tata, iko ku kaburi." Akamweleza mambo yote: homa, mkate, alama, msumari. Aliona aibu mpaka masikioni. Mulenga alisikiliza akitafuna karanga, taya zikienda polepole.

"Ule mama alikufa, yeye ni mwena nani?"

"Tata, ukoo wake unakufanyia nini sasa?"

"Mi ninauliza."

"Bena Ngo. Bantu ba chui."

Taya zikasimama. Mzee alipiga paja kwa kiganja. "Chui! Na mi mwena Mbushi! Mbuzi! Banazika chui mu muji hii, hapana hata mbuzi moja alilia? Glodie, mutoto wangu, unionyeshe nyumba!"

Ndipo Émerance akakumbuka alichokuwa akikijua tangu utotoni. Watu wa chui na watu wa mbuzi ni watani, banungwe, tangu kwa mababu. Mtani ndiye anayeingia matangani kwa matusi wakati wote wanalia kwa adabu. Anaweza kulala kitandani pa marehemu, kukamata jogoo, kudai nguo. Hakuna wa kukasirika, maana mtani akikasirikiwa kifo kinapata nguvu. Émerance hakuwa wa ukoo wowote kati ya koo hizo, na hakuwa amewaza kuuliza.

Mulenga, aliyepanda ngazi za mlango wa Émerance kwa kushika ukuta, alivuka mtaa ule kama kijana. Hakubisha hodi.

"Nani alikufa humu?" alipaza sauti uani. "Ni ile chui nzee ya meno ya kuazima? Mulimuzika kimyakimya, mulikuwa munaogopa mbuzi atakula maua ya kaburi?"

Jeanne aliganda na ufagio mkononi. Tata Liévin alitoka ndani, uso umekunjamana, tayari kwa ugomvi. Akamtazama mgeni, koti lake, kidevu chake kilichoinuka.

"Weye ni mwena nani?"

"Mwena Mbushi, wa Kambove. Mulenga. Na weye unanuka chui toka barabarani."

Uso wa Liévin ulifunguka. "Mbuzi! Nani alikufungua kamba?"

"Niliikula."

"Shida ya mbuzi njo ile. Hata nguo ku waya inatafuna."

"Na shida ya chui ni kuvaa madoa maisha yote, hapana siku moja ya kufua!"

Jeanne alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukatikakatika, kisha kikafunguka, akalazimika kukaa chini juu ya ndoo. Akasema tangu siku ile ya simitieri, siku ya maziko, alikuwa hajacheka hata mara moja. Mulenga alimwinamia, akamfuta machozi kwa ncha ya koti lake, huku akiendelea kumtukana mama yake. Émerance, mlangoni, aliona mkono ule usiokunjika ulivyokuwa mwepesi.

"Sasa," Mulenga alisema akijinyoosha. "Mi sikukula kilio yangu. Niko na haki ya kukamata kintu ya chui, ao hapana?"

"Kamata," Liévin alisema. "Kamata hata mi."

"Weye uko muzee, nyama yako ngumu. Nitakamata kintu ya ku kaburi."

Liévin alimtazama Mulenga, kisha akamtazama Émerance kwa muda. Alielewa. Akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. "Mbuzi iko na akili. Twende."

Makaburini walikuta sahani ya bati yenye tundu, birika isiyo na mfuniko, ndara moja, na kitunga. Vumbi lilikuwa limekipaka, lakini nyekundu yake ilionekana toka njiani. Mulenga alisimama juu ya kilima cha udongo, kiuno kimepinda.

"We chui! Ulikula maisha mzima, na sasa unataka kula na kitunga? Pana hapa!" Akakinyakua. Kisha akavua kofia yake ya majani, akaitoboa kwa kidole, akaiweka palepale. "Usiseme mbuzi ni mwizi." Na kwa sauti nyingine, ya chini, akaongeza, "Lala muzuri, mama."

Alikigeuza kitunga, akalitazama tundu. Alikasirika kweli. "Ni nani alitoboa hivi? Angepitisha katikati ya mistari, hapana ku muzizi, pale nyaya zinaanzia! Bantu ba sasa hata kuharibu hawajue."

Émerance alinyoosha mikono miwili. Mulenga akakivuta kifuani.

"Aa, Mama. Hapana."

"Hapana namna gani? Tata, ni kitunga yangu."

"Ilikuwa yako. Kisha ikakuwa ya maiti. Sasa ni ya munungwe. Nikikupa, ni kama weye njo ulitosha ku kaburi, na mi nilikuwa tu mukono yako. Bantu ba nyumba yako batagonjwa. Unataka?"

Émerance akamgeukia Liévin. Liévin alitikisa kichwa kwa furaha isiyofichika. "Njo sheria, Mama."

Sheria! Kazi yote ile, safari za Kambove, kitambaa cha kila asubuhi, maneno ya watoto wake! Aliwatazama wazee wale wawili wakimtazama kwa upole, mmoja wa chui na mmoja wa mbuzi, na akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyemfanyia ubaya. Hakuna, tangu mwanzo. Angempata mbaya mmoja tu, angemmwagia hasira yote.

"Na Jumamosi?" aliuliza. "Niliahidi itakuwa pale."

"Ulisema nitaiona ndani ya kioo. Nitaibeba mwenyewe, nitaiona."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi kitunga kilikaa katikati ya ukumbi, ndani ya kioo. Sylvain alikuwa ameandaa kibao cha kitunga: "Mkusanyo wa Maman Émerance." Mulenga aliomba kisomwe kwa sauti, akaomba kibadilishwe. Sylvain alimtazama Émerance, naye akapunga mkono kwa kuchoka: andika. Kikaandikwa upya: "Cha Mulenga wa Kambove, aliyekisuka." Mzee aliweka kiti chake kando ya kioo, akakaa pale mchana kutwa katika koti lake, bila kofia, akiwaambia wageni nyekundu ilitoka wapi na njano ilitoka wapi. Wageni waliuliza juu ya tundu. Akawaambia chui alikiuma. Émerance alikuwa upande mwingine, akimwinua bwana mmoja mnene aliyekwisha kukaa juu ya kiti cha nyuzi za plastiki, akidhani kimewekwa kwa ajili yake.

Jumapili, baada ya misa, Mulenga aliaga. Alisimama mlangoni, kitunga kimening'inia mkononi, kitupu. Émerance alimtakia safari njema. Kisha akakitazama tena, kitupu vile, kikitoka nyumbani kwake kwenda kwa mke wa mzee, na chombo hakipelekwi kwa watu bila kitu ndani.

"Ngoja," alisema kwa uchungu. "Ngoja, Tata."

Aliingia jikoni akinung'unika. Alirudi na chumvi, sabuni, na dagaa wakavu waliofungwa kwenye karatasi. Alipoanza kupanga, chumvi ikatafuta tundu, ikaanza kudondoka punje punje sakafuni.

"Mama, acha," Glodie alisema. Alinyoosha mkono kwenye rafu bila hata kutazama, akavuta kimkeka kidogo kilichosukwa kwa mifuko ya mkate, kazi ya mjane mmoja wa Likasi, akakitandika ndani ya kitunga, juu ya tundu. Kilikaa sawasawa. Chumvi ikatulia.

"Glodie! Hata ile?"

"Ni safi, Mama. Umeipanguza leo."

Mulenga alipima uzito, akatikisa kichwa, akaridhika. Glodie alikitwaa, akakiweka kichwani pake, amsindikize mzee mpaka kituo cha mabasi ya Likasi. Wakavuka mtaa polepole, Glodie akipunguza hatua zake zilingane na za magoti yale. Nyekundu na njano ziliwaka juu ya vichwa vya watu waliotoka kanisani.

Émerance alivumilia mpaka walipofika kona. Kisha ikamshinda.

"Tata Mulenga! Umwambie bibi yako asiweke ku jua! Rangi itaisha!"

Mzee alisimama, akageuka kwa shida, mkono nyuma ya sikio mpaka alipoelewa.

"Ku jua?" akajibu kwa sauti ya kuvuka mtaa mzima. "Mama, anauzisha nyanya ku soko! Ataiweka wapi?"